Nilisogeza mipira minne, na sasa shemeji yangu anataka kuomba msamaha

Admin, ukiweka kisa changu naomba usitaje hata herufi moja ya jina langu, maana hapa Butembo tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na minne, nina mke na watoto sita, na kazi yangu ni kufua vyuma: majembe, shoka, bawaba za milango. Nimeungama kwa padri mara nyingi, na kila mara hili nimeliruka. Leo naliandika kwa sababu zimebaki siku tisa tu.

Ni habari ya kaka yangu mkubwa, ambaye sisi tunamwita Yaya. Ujanani alifanya kazi kwa mzungu mmoja wa kahawa upande wa Vuhovi, akimbebea fimbo zake za gofu. Mzungu alipoondoka alimwachia fimbo moja yenye kichwa cha chuma na kikapu cha mipira, na Yaya akaupenda mchezo ule kuliko bia. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa akipiga kwenye malisho nyuma ya nyumba yake, watu wakimcheka, yeye hajali.

Wakati wa vita alikuwa dereva wa lori. Siku moja akitoka Kanyabayonga na mzigo wa maharagwe, watu wenye bunduki walilimiminia lori risasi, na moja ikampenya kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Alifika nyumbani hai, tukamshukuru Mungu, lakini vidole viwili havikushika tena. Fimbo nayo ikamkataa. Hakuweza kuupata mpira katikati ya chuma, ukawa unarukia kwenye shamba la jirani. Katika mipira kumi alikuwa akinyoosha miwili tu, kisha anaingia ndani. Iliniuma sana.

Hapo ndipo nilipojifanya mjuzi. Nilichukua springi ya lori bovu nikamfulia kichwa cha fimbo ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Chini nilikifanya kipana kama jembe ili kisichimbe udongo. Mgongoni nilikichimba katikati, uzito wote nikauacha kwenye ncha mbili, nikifikiri kwamba hata akiupiga mpira pembeni, uso wa chuma hautageuka. Wenzangu kwenye karakana walivunjika mbavu, wakakiita jembe la askofu, eti jembe lisilolima. Nilikasirika, nikaapa kwamba watanyamaza.

Wiki hiyohiyo daktari wa upasuaji alifika Beni kwa siku chache. Aliutazama mkono wa Yaya, akasema mishipa ya vidole bado inaweza kuunganishwa, ila isicheleweshwe. Yaya, ambaye hakuogopa barabara yenye waasi, aliogopa kisu. Akaniambia, "Mudogo wangu, kesho nitapiga mipira kumi na chuma yako. Kama saba inakaa kati ya ile miti mbili kule chini, mukono iko inapona yenyewe, siendi kwa docteur. Kama hapana, naenda."

Kesho yake alisimama juu ya malisho, mimi nikawa bondeni kuokota, mahali ambapo hakuweza kuniona kwa ajili ya mteremko. Mipira minne iliingia kati ya miti. Minne, ndugu zangu. Chuma changu kilikuwa kimesaidia kweli, kutoka miwili hadi minne, na hiyo peke yake ilikuwa sifa ya kutosha kwa mhunzi. Lakini mimi nilikuwa nasikia vicheko vya karakana. Nikatoa mingine minne kwenye maharagwe ya jirani, nikaipanga kati ya miti, nikapaza sauti, "Yaya, ni nane." Alishuka mbio, akaitazama, akanikumbatia kwa mkono uleule mbovu. Nilijua kabisa nimefanya nini.

Hakurudi Beni kupasuliwa, na daktari akaondoka. Mke wake, shemeji yangu, alifurahi kama sisi sote, akamwambia, "Kama mukono imepona, rudia kazi, batoto banakaa njaa." Yaya akarudi kwenye usukani wa lori. Baada ya miezi michache vidole vilijikunja, havikukunjuka tena, na madaktari wengine wakasema tumechelewa. Tangu hapo Yaya anasema jambo moja tu: mkono ulikuwa umepona, mke ndiye aliyeuharibu kwa haraka yake. Analisema mbele ya watoto na mbele ya wageni. Shemeji huinamisha kichwa na kuendelea kupakua, nami hukaa palepale nikila chakula chake.

Sasa wanajiandaa kwa jubile ya miaka arobaini ya ndoa. Jumapili iliyopita shemeji alinisubiri nje ya kanisa.

"Shemeji, ni wewe ulikuwa unaokota mipira," akasema. "Niambie tu kweli. Ile siku mukono ilikuwa imepona?"

Nikamuuliza kwa nini anataka kujua leo.

"Juu kama ilikuwa imepona, basi ni mimi niliharibisha. Nitamuomba pardon siku ya jubile, mbele ya padri na batoto bote."

Nilimtazama usoni, nikamjibu, "Ndiyo, ilikuwa imepona." Akanishukuru, akaenda zake.

Kile chuma bado kimetundikwa sebuleni kwa Yaya, na kila mgeni huambiwa kwamba mdogo wake ni fundi asiye na mfano. Nikisema ukweli, nitakuwa nimempokonya hata hicho. Nikinyamaza, shemeji atapiga magoti kwa dhambi yangu, nami nimeshawekewa kiti cha mbele. Ndugu zangu, mnisaidie kabla ya siku hiyo: nianze kwa nani, na neno la kwanza liwe lipi?