Hefsiba

Jina langu ni Hefsiba, na katika shule nzima pale Makongeni nilikuwa peke yangu mwenye jina hilo. Walimu walilikwepa, wakaniita "wewe wa nyuma." Nilimkasirikia cucu, mama ya baba yangu, kwa sababu kwetu Wakikuyu msichana wa kwanza huchukua jina lake, upende usipende.

Siku moja nilimuuliza alilitoa wapi. Akasema ni la Kiebrania, alilisikia likisomwa kanisani katika Isaya, na maana yake ni "namfurahia." Kwao walizaliwa wasichana sita na hakuna aliyewahi kuwaambia hivyo. Basi akabatizwa nalo. Bado niliapa litaishia kwangu.

Juzi mwanangu alipata mtoto, msichana wake wa kwanza, huko Gatongora. Nilimwambia mkewe asijisumbue na desturi, ampe mtoto jina rahisi. Akanijibu, "Mum, fomu nilishajaza kwa jina lako."

Nikampakata yule mtoto. Miaka hii yote nimeitwa jina hilo, lakini sikuwahi kumwita mtu mwingine kwalo. Nikamwita polepole, na maana yake ilikuwa kweli tupu.