Kikopo cha Zafarani

Cheti changu cha usalama wa chakula kimetundikwa sebuleni, kikubwa kuliko dirisha. Nilikipata kwa masomo ya jioni, nikitoka kufagia ofisi na kukimbilia basi, na siku ya kukabidhiwa nilipiga kigelegele nusura mwalimu aite zimamoto. Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la kusoma lebo: chakula kina nini ndani, na nani asikile. Nilipata maksi zote. Nalitanguliza hili ili aibu yangu ipimwe vizuri.

Tunakaa Edmonton, huku London, mimi, binti yangu na mwanawe wa mwaka na nusu. Jumapili ni siku yangu ya biriani. Wenzangu wa maulidi, kina mama wa Unguja na Pemba, huja kutoka pembe zote za London, wengine wakibadilisha treni mara saba. Haya, mara mbili. Wanakuja kwa ajili ya ule wali wa rangi ya jua, na kwa ajili ya kikopo changu cha zafarani, zawadi niliyoletewa kutoka Makka, ambacho hukiweka mezani wakione.

"Shoga, zafarani yako haiishi?" huniuliza.

"Ina baraka," hujibu.

Iliisha kabla mjukuu wangu hajazaliwa. Ndani ya kikopo nilijaza rangi ya unga, ile ya manjano ya pakiti, na harufu nikaiachia marashi ya mawaridi.

Mtoto hali rojo la biriani, pilipili yake inamuwasha. Yeye hupewa wali mtupu na mtindi. Jumapili moja, sahani haijamalizika, mashavu yakamjaa vipele, kisha kifua, akajikuna huku analia. Jumapili ya pili vilevile. Binti yangu akampeleka kwa daktari wa aleji, akarudi na agizo: kila anachokula mtoto kiandikwe kwenye daftari.

"Mama, kwenye wali unatia nini?" aliniuliza, kalamu mkononi.

"Mchele, mafuta, chumvi, mawaridi, zafarani."

"Zafarani tupu?"

"Tupu! Hunijui mimi?"

Akaandika. Nilimwona akiandika. Na saa ile ile nilikumbuka nyuma ya ile pakiti kuna maneno madogo ya tahadhari kuhusu watoto, kwa sababu mimi, mwenye maksi zote, niliyasoma siku niliyoinunua. Nikajiambia rangi hiyo tumekula maisha yetu yote, harusi kwa harusi, nani kafa?

Daktari alilisoma daftari, akasema huenda ni maziwa, maana Jumapili ndiyo siku ya mtindi mwingi. Tuyaondoe kwanza, tuone. Yakaondolewa. Mtoto akawa anazunguka jikoni na kikombe chake kitupu, ananigonga nacho gotini. "Milk, Bibi. Milk." Nami namwimbia, nampa maji, namchekesha. Nilimchekesha sana wiki hizo. Ningeweza kulipwa kwa kuchekesha.

Jumapili iliyofuata wageni walikuja tena. Ningewapa wali mweupe? Nikatia rangi kidogo, kidogo kabisa, na mtoto nikamchotea pembeni, palipoonekana peupe. Walipoondoka alikuwa amevimba mpaka macho.

Dawa ilipoanza kumtuliza, nilimkuta binti yangu amekaa chini jikoni, mgongo kwenye friji, daftari mapajani.

"Si maziwa," alisema. "Basi watatoa mayai. Watatoa ngano. Atakula nini, Mama? Labda ni mimi. Labda sijui kulea."

Hapo mzaha wote ulinikauka. Nilikwenda sebuleni, nikachukua kikopo, nikakiweka juu ya daftari.

"Fungua."

Akafungua, akatia kidole, akakitazama.

"Hii rangi."

"Rangi."

"Tangu lini?"

"Tangu una mimba yake."

Alikifunika kikopo. Angepiga kelele ningeshukuru. Baadaye akanipa kalamu. "Andika wewe. Kurasa zote." Nikakaa mezani, chini ya cheti changu, nikafuta neno zafarani Jumapili baada ya Jumapili, na juu yake nikaandika rangi.

Kwa daktari nilikwenda mwenyewe, na pakiti nikaibeba. Hakunigombeza. Alisema huenda ikawa rangi, hawezi kuapa, tuache kuitia, nayo itasema yenyewe, na maziwa yarudishwe kidogo kidogo. Binti yangu alitafsiri ingawa nilikuwa nimeelewa. Sikumkatiza.

Mtoto alikunywa kikombe chake cha kwanza kwa pupa, akabaki na sharubu nyeupe. Hakuvimba. Alinipa kikombe nami ninywe. Nikanywa, sikuweza kumtazama.

Jumapili iliyofuata wali ulikuwa mweupe kama pamba. Wenzangu waliangaliana. Kikopo hakikuwa mezani. Mkubwa wao, aliyekuwa akinisifu kuliko wote, akaweka kijiko chini.

"Bi mkubwa, leo zafarani imekuishia?"

Nilikuwa na majibu kumi tayari, moja tamu kuliko jingine. Binti yangu alisimama mlangoni na mtoto begani, akinitazama.

"Haikuisha leo," nikasema. "Iliisha miaka miwili iliyopita. Mlichokuwa mkila ni rangi."