Nilivyoyaonea Wivu Mayai ya Samaki

Nyumba yetu ya Bigwa ilinuka bahari. Kwa majirani kulinuka moshi wa kuni na udongo mbichi wa mlimani, lakini kwetu ukifungua mlango wa sebuleni unapokewa na chumvi, kama kuna mtu amesahau kikapu cha dagaa chini ya kochi. Harufu hiyo ilitoka kwenye tangi la kioo la baba, lenye samaki wawili wa rangi ya chungwa, wamezungushiwa mistari myeupe kama bandeji. Baba alikuwa dereva wa lori. Alipakia kabichi Mgeta, akashusha sokoni Dar es Salaam, akarudi na madumu ya maji ya bahari. Samaki wenyewe aliwaleta kwenye mfuko wa nailoni uliojazwa hewa, amewapakata njia nzima. Alikuwa mtu wa Pangani aliyeoa mlimani na kukaa kwenye kiwanja cha ukoo wa mkewe, na nadhani alitaka kitu kimoja tu cha kwao. Leo naweza kulielewa hilo. Nikiwa na miaka kumi sikutaka kuelewa kitu, nilitaka anitazame.

Maana akirudi safari, shikamoo yangu aliiitikia ameshainama kwenye kioo. "Marahaba, mwanangu. Njoo uone." Nilikwenda, kwa sababu pale tu ndipo nilipompata. Alinieleza kwamba samaki hao huzaliwa wote madume, kisha yule anayewazidi wenzake ukubwa na ubabe hugeuka jike. Mdogo anabaki kuwa mume. Miezi ile ya kungojea masika, mume akaanza vituko. Anajitikisa mbele ya mke kama mwenye homa, mke anamfukuza na kumng'ata, naye baada ya muda huyo karudi, anatikisika upya. Bibi, mama yake mama, alikuwa akipita na ungo wake, anasimama kucheka.

"Kumbe hawa nao Waluguru! Mke ndiye mwenye nyumba, mume kaja kuoa."

"Mama nawe!"

"Sikutukani, mkwe wangu. Ila mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hao wako watalima lini?"

Baba alicheka, akazidi kusogea kwenye kioo. Alikuwa ameegemeza ndani ya tangi kipande cha kigae cha sakafuni, na wale wawili wakaanza kukisafisha kwa midomo, wananyofoa kila uchafu. Mchana mmoja mke akapitisha tumbo juu ya kigae taratibu, na nyuma yake yakabaki mayai ya rangi ya chungwa, madogo kama ulezi, yamepangwa kama shanga. Kuanzia hapo mume hakubanduka. Aliyapepea kwa mapezi kutwa nzima, na lililokufa alilitoa kwa mdomo. "Ona baba huyo," baba aliniambia, na sauti yake ilikuwa na heshima ambayo sijawahi kuisikia akizungumzia mtu. Umeme ukikatika na pampu ikazima, alichota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena humo humo ili hewa iingie, saa nzima, bila kulalamikia mkono. Mimi nikiwa na malaria, aliyenishika kichwa ni bibi. Wanasema damu nzito kuliko maji. Hawakuwahi kuyaona maji ya baba yangu.

Sasa, Jumamosi ya wiki hiyo baba alikuwa ameniahidi kunipandisha lori hadi Mgeta. Siku nzima, kiti cha mbele, mimi na yeye. Gauni nilikuwa nimeshalipiga pasi. Ijumaa asubuhi akasema, hata hakugeuka, "Safari ya kesho anaendesha mwenzangu. Mayai yameota macho, yataanguliwa wakati wowote."

Mama alikuwa anakata mchicha. "Siku aliyozaliwa huyu mwanao ulikuwa njiani na kabichi," alisema. "Leo umechukua likizo ya uzazi. Ya samaki."

Baba alivaa kofia yake ya swala. Alipokwenda msikitini, niliingiza mkono kwenye tangi. Yule mume akanivamia. Kasamaki kadogo kuliko kidole gumba, akanidaka kidole, akakiachia, akanidaka tena, anapambana na mkono unaomzidi mara mia. Hapo ndipo wivu uliponipanda, kwa sababu nilijiuliza nani angemng'ata mtu hivyo kwa ajili yangu. Nikakitoa kigae. Macho madogo ya fedha yalikuwa yananitazama, mamia. Nikakipeleka kwenye karo la nje, nikakisugua kwa mchanga na majivu kama sufuria ya ugali, hadi kikang'aa.

Baba aliporudi alikikuta kigae kinakauka juani pamoja na vyombo. Alikigeuza mara mbili. "Kwa nini?"

"Kilikuwa kichafu."

Hakunipiga. Laiti angenipiga, angekuwa amenigusa. Alinunua kufuli, akafunga sebule, na ufunguo akatembea nao. Baada ya wiki mbili samaki walitaga tena na safari hii vifaranga vilianguliwa, lakini vilikufa vyote ndani ya siku chache, kwa kuwa hatukuwa na chakula laini cha kuingia kwenye midomo yao midogo. Baba aliinamisha kichwa kama mwenye msiba. Mimi nyuma ya mlango nilifurahi, na sitadanganya hapa kwamba niliona aibu. Mgeta sikupelekwa.

Siku hizi naishi Mafiga na binti yangu wa miezi minane. Baba yake yuko Dodoma, kazi yake kutuma vikatuni vya mioyo kwenye simu. Tangi liliuzwa zamani, lori pia. Baba yangu anakuja kila asubuhi kabla sijapiga mswaki, na salamu yangu anaiitikia ameshanyoosha mikono kumpokea mjukuu. Anamtembeza uani, anamwimbia nyimbo za Pangani ambazo sikujua kama anazijua. Watu wananiambia nina bahati. Juzi nilisimama mlangoni nikiwatazama, nikashindwa kuvumilia.

"Baba, mlete anyonye."

"Hajalia huyu."

"Nimesema mlete!"

Akanipa. Mtoto akaangua kilio, akajipinda mikononi mwangu, na vile viganja vyake viwili vikawa vinamtaka babu.