Mstari Uliopigwa kwa Rula

Jumatano, tarehe tisa Oktoba. Manyunyu tangu alfajiri, baridi ya kuvaa sweta.

Katika ofisi ya kompyuta ya chuo, Mzee Daftari alikaa akitazama vidole vyake. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu kila kazi aliiandika daftarini kwa mwandiko wa kupendeza, na maagizo makubwa akayapigia mstari kwa rula. Mbele ya mkuu wa kitengo alisimama Mama Pacha, aliyehamia kwao miezi miwili nyuma.

"Tovuti ilikwama, nikafungua daftari," alisema Mama Pacha. "Likaniambia programu ipi ya kuzima na kuwasha tena. Nikaizima."

"Na fomu mia mbili za waombaji zikayeyuka. Hukuweza kuuliza, mama?"

"Niulize nini, bosi, na pale pamepigwa mstari kwa rula?"

Wengine walicheka. Mzee Daftari hakucheka. Ndani ya mashine iliyobeba tovuti ile mlikuwa na programu mbili: moja hupokea wageni wa tovuti na kuwapa kurasa, nyingine hukaa nyuma yake ikishika fomu zinazojazwa. Ya kwanza iliitwa seva ya wavuti, ya pili seva ya programu, na mashine yenyewe watu waliiita seva, basi. Miaka sita iliyopita fundi aliyeziweka alieleza yote mbio mbio. Mzee Daftari akaitikia kwa kichwa, maana aliona haya kuuliza mbele ya waliomzidi elimu. Jioni akakisia ipi ni ipi na ipi ya kuzimwa, akaandika vizuri, akachukua rula.

"Barua ya onyo utaipata kesho," mkuu alimwambia Mama Pacha. "Na mkataba wako sijui kama tutauendeleza."

Mzee Daftari alifungua mdomo, akaomba maji.

Walipotoka, Mama Pacha alimgusa bega. "Usiumie, kaka. Labda nilisoma vibaya mimi."

Afadhali angemtukana.

Nyumbani alikaa mezani, kalamu kaiweka kando. "Baba, leo huandiki?" mkewe alimwuliza.

"Leo mkono umegoma."

Alhamisi asubuhi alifika kabla ya mfagizi. Mkuu alipokuja alimkuta mlangoni, daftari wazi mikononi.

"Ile barua iandike kwa jina langu," alisema. "Ukurasa huu niliukisia."

Kisha akampigia simu yule fundi, wenzake wote wakisikia, akamwomba aanze kueleza upya, polepole.