Mama Anapimwa Presha, Salamu Zisubiri

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hadi leo nacheka peke yangu. Nilikuwa bado sijaolewa, na nyumba yetu ya Malindi ilijaa watu tangu asubuhi, maana jioni ile dada yangu Salma alikuwa anaolewa. Mama hakukaa kitako. Mara jikoni kuonja biriani, mara ghorofani kutazama nguo za bibi harusi, na kila aendako kikombe cha kahawa kimo mkononi.

Kaka yangu alikuwa karudi safari na mashine ya kupimia presha, kitu kigeni mtaani kwetu siku zile. Akamdaka Mama ngazini, akamkalisha, akamfunga mkanda juu ya mkono wa gauni. Mashine ikaonyesha mia na sabini na mbili, chini yake tisini na nane, na chini kabisa mia na nne. Baba alipoiona ile ya tatu akashika kichwa, akasema presha zimekuwa tatu. Papo hapo akatoa amri: Mama akalale, ukumbini haendi. Mama akainamisha uso, akalia. Binti yake anaolewa, naye abaki kitandani! Roho iliniuma, mwanangu, nisikufiche.

Ndipo akaingia shangazi yetu, Bi Rukia wa Kiembe Samaki, nesi mstaafu, mdomo pilipili lakini moyo halua. Alipoelezwa, hakumpa mtu pole. Alituuliza tunampimaje mtu aliyetoka kupanda ngazi, kahawa haijamshuka, na nguo imo ndani ya mkanda. Haraka haraka haina baraka. Akatufahamisha kuwa namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya pili ni nguvu yake moyo unapopumzika, na ile ya tatu si presha hata kidogo, ni mapigo ya moyo kwa dakika.

Akangoja nusu saa nzima. Akamtuma Mama msalani, kisha akamkalisha chumba cha chini: mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kukunja nne, mkono bila nguo juu ya meza, usawa wa moyo. Atulie, asiseme neno.

Lakini nani atanyamaza katika nyumba ya harusi? Kila mkanda ukianza kubana, mgeni huchungulia na shikamoo yake. Na Mama, mtu wa adabu zake, ataiachaje salamu ianguke? Ataitikia marahaba, ataulizia watoto, ataulizia na bibi mgonjwa wa Mbweni, na namba zinapanda. Bi Rukia akaufungua mkanda, akanigeukia.

"Kakae mlangoni. Shikamoo zote za mamako zipokee wewe. Huyu nshamfunga mdomo."

Nikakaa, nikaitikia marahaba kwa shikamoo za watu walionizidi umri mara mbili, wengine wakanitazama kama nimepandwa na wazimu. Ndani kimya. Bi Rukia akapima, akampumzisha, akapima tena. Mia na thelathini na nne kwa themanini na mbili, mapigo sabini na sita.

"Vaa, wifi yangu. Harusi utaicheza. Ila wiki ijayo uje nikupime tena siku kadhaa, presha haijulikani kwa kipimo kimoja."

Kigelegele cha kwanza kilikuwa changu. Na Mama alicheza mpaka viatu akavishika mkononi.

Basi mwanangu, usitishwe na namba iliyopimwa kwa pupa, wala usiidharau. Ukitulia vizuri na bado siku baada ya siku inafika mia na arubaini kwa tisini au zaidi, nenda kwa daktari, na dawa akikupa usiziache kwa kuwa tu unajiona mzima. Kifua kikibana, au mkono mmoja ukilegea ghafla, usingoje kupima, kimbilia hospitali. Salamu ni adabu yetu, lakini mtu anapopimwa mwachie dakika zake tano za kimya. Atakuitikia akimaliza.

Mwenyezi Mungu akupe moyo mzima, na siku ya furaha yako akuwekee mama yako ukumbini, amechoka kwa kucheza.