Siku Sukuma Alipoota Jua Lavington

Sijui kama kuna mtu mwingine Nairobi hii aliyewahi kuwekewa mikono na kuombewa na wakwe zake kwa sababu ya mboga, lakini mimi niliombewa, mchana peupe, huko Lavington, na mpaka leo nikikumbuka masikio yananiwaka moto. Mke wangu alishakataza nisiisimulie mbele ya wageni. Leo ameenda saluni, kwa hivyo vuteni viti.

Wakati huo, enzi za simu za kubonyeza, nilikuwa fundi wa printa, nazunguka ofisi za mjini na begi la bisibisi, na nyumbani kwangu ni chumba kimoja Kilimani (mlango ukifunguka unagonga kitanda), na nilikuwa na ugonjwa ambao sikumwambia mtu: gemu. Nilikuwa nimejinunulia mashine ndogo ya mkononi, ya mtumba, kwenye kibanda kimoja pale barabara ya Luthuli mjini, na ndani yake kulikuwa na kaseti ya mchezo wa kukamata viumbe wa ajabu, unawalea, unawapiganisha. Kulikuwa na wa moto, wa maji, wa mawe. Mimi nikampenda mmoja tu, kiumbe wa mmea, mwili kama kitunguu, vijiguu viwili vifupi, na jani moja kubwa kichwani lililojikunja kama jani la sukuma wiki. Nikamwita Sukuma. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, msinicheke bado.

Sasa huyu Sukuma alikuwa na siri yake. Wenzake walikuwa wanakua kwa kupigana, yeye alikua kwa jua, na simaanishi jua la kuchorwa, namaanisha hili jua la Mungu. Kaseti yenyewe ilikuwa na kioo kidogo juu, unatoka nje, unakielekeza juani, na pembeni mwa skrini kuna kibuyu kinajaa polepole. Taa ya stima haikumdanganya, nilijaribu hata na tochi. Kibuyu kikijaa mpaka shingoni, Sukuma anageuka kuwa kitu kingine. Kitu gani? Hapo ndipo nilikuwa nakosa usingizi. Kaseti ilikuja hivyo hivyo, bila boksi wala maelezo, na nilipomuuliza aliyeniuzia akaniambia, "Buda, mimi huuza tu, sichezi." Nikauliza wengine pale Luthuli, mmoja akasema anakuwa mti wenye meno, mwingine akasema anaoza anakufa. Anaoza vipi na mimi nimemlea?

Na ilikuwa Julai. Mnaijua Julai ya Nairobi, wingu linaamka kabla yako, unaenda kazini na sweta na unarudi na sweta, jua unalisikia tu likisifiwa na watu wa Mombasa. Kibuyu cha Sukuma kilikuwa kimekwama katikati, na ukikaa siku bila jua kinashuka.

Ndio ikafika Jumamosi ya kwenda kwa kina Njeri. Njeri alikuwa anakaa mapokezi kwenye ofisi moja mjini (printa yao nilikuwa naenda kuitengeneza hata ikiwa nzima), na tulikuwa tumekubaliana kuoana. Kikwazo kilikuwa mama yake, mjane, kiongozi wa maombi kanisani kwao, ambaye alishasema wazi kwamba mtu asiyeomba haoi kwake. Na mimi kanisa nilikuwa naliona Krismasi.

Njeri akanionya kwa simu, "Wekesa, leo ukiharibu, mum hakupi nafasi ingine. Na mimi siwezi kuolewa yeye akiwa amekataa. Umeskia?"

"Nimeskia."

Nilikuwa nimeskia kweli. Halafu nikavaa koti, nikaangalia ile mashine juu ya kitanda, nikajiambia wacha niibebe tu, nani ajuaye, labda kutatoka kajua kadogo njiani. Nikaitia mfukoni. Ningeiacha pale kitandani, leo nisingekuwa na la kuwaambia.

Nikafika. Ukuta mrefu, soja wa geti, maua ya waridi yamekatwa sawasawa. Njeri akanikaribisha sebuleni kwa chai na chapati, na hapo alikuwa Mama Njeri mwenyewe na Anko Maina, ndugu yake, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kunihoji. Kwetu ni wapi? Bungoma. Baba yuko? Yuko. Kunywa pombe? Hapana. Nilikuwa naenda vizuri, haki, mpaka Mama Njeri akaweka kikombe chini akauliza, "Na maombi, kijana? Wewe huomba?"

Nikameza chai ya moto ili nisijibu. Ikanichoma mpaka machozi.

Akaniashiria mlango. "Haya. Hebu toka nje kidogo upunge hewa, sisi tuongee." Hiyo mnaijua nyinyi wenyewe, mgeni anatolewa nje ndio apimwe uzito vizuri.

Nikaenda kusimama kwa waridi, baridi imenishika, nikijua kabisa kwamba ndani kesi yangu inaamuliwa. Na hapo, wenzangu, wingu likapasuka! Jua likashuka pale kwa nyasi, la manjano, lenye joto, jua sijaliona tangu lini. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe, mimi hata sikuutuma.

Sasa ili kile kioo kilitazame jua sawasawa, lazima uinue mashine juu ya kichwa kwa mikono yote miwili, uso juu, huku unachungulia skrini kwa jicho moja. Jua likanipiga macho, machozi yakaanza kutiririka. Kibuyu kikasogea! Nikaanza kukibembeleza kwa sauti, "Kuja, kuja, usiniache sasa, jaza, jaza baba, jaza!"

Kumbe nyuma yangu kulikuwa na dirisha la sebule. Na Mama Njeri alikuwa dirishani.

Nikasikia mlango wa jikoni, nikasikia viatu kwa kokoto, kisha sauti yake ya kunong'ona, "Nyamazeni. Yuko rohoni." Kabla sijageuka mkono wake ukatua mgongoni kwangu, mwingine mzito wa Anko Maina ukatua begani, na Mama Njeri akafungua kinywa.

"Baba! Nisamehe, Baba! Nilimwambia binti yangu huyu ni mpagani, kumbe ni mwombaji wa siri!"

"Amina!" akasema Anko Maina.

Mimi nifanye nini? Nikishusha mikono wataiona mashine. Nikiendelea kuinua, naibia watu maombi. Nikaizungushia vidole nisifunike kioo (ndiyo, hata wakati huo nilikumbuka kioo) nikabaki hivyo hivyo. Soja akaja kutoka getini, akavua kofia, akajiunga. Njeri, aliyekuwa ametoka nyuma yao, ndiye peke yake aliyefungua jicho, akaangalia mikono yangu, akaniangalia, akalifunga tena polepole kama mtu aliyeona ajali.

Mama akaombea kazi yangu. Akaombea Bungoma yote. Akaombea watoto ambao hatujazaa, kwa zamu. Mabega yakaanza kutetemeka, na yeye akadhani ni upako, akaongeza sauti. Na ukweli lazima niuseme: aibu nilikuwa nayo, woga nilikuwa nao, lakini nilikuwa nachungulia kibuyu. Kimefika robo tatu. Moyoni nikaanza kumwombea Mama Njeri aendelee, na kila nikisema "Amina" nilikuwa namaanisha.

Akaendelea. Akafika kwa harusi yetu, akasema, "Baba, tuonyeshe ishara..."

Ti-ri-ri-ri-riii! Mashine ikaimba juu ya vichwa vyetu.

Macho yote yakafunguka. Nikashusha mikono. Wimbo ule ulikuwa mrefu, aki, na una ngoma mwishoni, na tuliusikiliza wote hadi ukaisha.

"Wekesa," Mama Njeri akasema. "Hapo ulikuwa unaomba?"

Ningeweza kusema ndiyo. Niliangalia Njeri, nikaona midomo imemkauka, na uwongo ukakataa kutoka. "Hapana, Mama. Nilikuwa namwotesha huyu jua." Nikawaeleza yote, kibuyu, jani, Julai, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwendawazimu. Soja akavaa kofia yake. Mama Njeri akageuka, akaingia ndani, na Njeri akaanza kulia. Nikajua nimemkosa, tena kwa sababu ya kitunguu chenye miguu.

Anko Maina akakohoa. "Lakini sasa... kimekuwa nini?"

Mnaamini hata mimi nilikuwa sijaangalia? Nilikuwa karibu kuangalia mlango ulipofunguka tena, na Mama Njeri akatoka. Alikuwa ameenda kuchukua miwani.

"Hebu lete nione," akasema.

Tukainamia ile skrini wote watano, vichwa vimegusana. Hakukuwa na mti wenye meno. Sukuma alikuwa amenenepa, amesimama imara, mikono kiunoni, na juu ya kichwa ameota ua moja kubwa la zambarau limelala upande. Soja akaangalia pembeni. Ni Mama Njeri mwenyewe aliyesema, "Ai, si hiyo ni kofia yangu ya Jumapili!" na Njeri akacheka huku bado analia.

Mama akanirudishia mashine, akavua miwani. "Kijana, nimekuombea kwa sauti, mbele ya ndugu yangu na mbele ya soja. Siwezi kwenda kumwambia Mungu arudishe. Lakini kesho uko kanisani, saa tatu, na Jumapili zote."

Nimeenda zote. Na nimeapa, mikono yangu haitapanda tena juu ya mabega mbele ya mtu aliyeokoka, hata nguo naanika kwa kamba ya chini. Kanisani wakati wa sifa, wote wakiinua, mimi yangu iko mfukoni. Na kila Julai, bila kukosa, Mama mkwe huniinamia na ile kofia yake ya zambarau, na kuninong'oneza, "Leo hakuna jua?"