Nilivyomtia Pembe Baba Yake Rayya

Aibu hii naihadithia mwenyewe, kwa sababu huko Bustan, mtaani kwao Rayya, wanaihadithia kwa kuzidisha, mpaka imefika wanasema nilimchora mzee wa watu na mkia. Mkia sikuchora. Pembe ndiyo, nakiri, pembe mbili, tena nzuri, za beberu wa milimani, maana mimi kama mnavyonijua nna diploma ya uchoraji niliyoipata Uingereza kwa jasho langu, nikisugua masufuria ya mkahawa miaka mitatu bila kumuomba mtu hata nauli, na kazi ya ovyo sifanyi.

Niliporudi Maskati nilidhani watu watanipangia foleni. Wapi! Diploma nikaitia fremu, nikaitundika sebuleni kwetu Al Khoudh, wageni wakaipita wakenda kwenye kahawa. Ndipo nikaliona mtandaoni jarida moja la huko Uingereza, la Wapagani (ndivyo wanavyojiita wenyewe, watu wanaofuata dini za kale za Ulaya, wanaosherehekea mwezi na majira na miti), linalotengenezwa na watu wa kujitolea watupu, na linaomba makala na michoro kwa yeyote. Mimi Muislamu, swala zangu tano nasali, lakini toleo lile lilikuwa la miti, nami nna ya kusema kuhusu miti ya ubani ya Dhofar, basi nikaandika kurasa tatu nikazituma. Mhariri wao, mama mmoja mpole jina lake Gwen, akajibu kwamba makala wameipenda, ila mchoraji wao wa jalada anaumwa, je, ningeweza kuwachorea yule mungu wao wa kale wa porini, mwenye ndevu na pembe?

Mwenye akili angejiuliza maswali. Mimi niliona neno "jalada" tu. Nikamjibu baada ya dakika mbili kwamba hiyo kwangu kazi ndogo.

Sasa, sisi tulivyosomeshwa, uso hautungwi kichwani, uso unachorwa kwa kuangalia uso. Na kwenye simu nilikuwa na picha ya Mzee Nassor, baba yake Rayya, binti ninayetaka kumuoa. Rayya mwenyewe alinipa ili nimjue baba yake, nikikutana naye msikitini nimsalimie kwa adabu. Alipigwa picha katoka kulala, hana kofia, ndevu zimesimama, nyusi kama vichaka viwili. Nikasema huyu hapa, kilichobaki pembe tu. Na nani Maskati atalisoma jarida lile? Nikachora kila unywele, mpaka chunjua yake iliyo juu ya jicho la kushoto nikaitia, kwa uaminifu.

Malipo hakuna, lakini kila mchangiaji anapelekewa nakala kumi, wakataka anwani. Sisi ukoo mzima, kama familia nyingi hapa, tunatumia sanduku moja la posta, la Ami Salim, ndugu mkubwa wa baba yangu, nami nikaliandika hilo kisha nikasahau, kwa kuwa nilikuwa nashughulika kujisifu. Hakuna niliyemuacha bila kumwambia kwamba kazi yangu inachapishwa Ulaya. Ami Salim akaniuliza, "Gazeti la nini?" Nikasema, "La miti, Ami." (Si uongo. Toleo lilikuwa la miti.)

Siku ya posa tulikwenda Bustan wanaume saba. Majlisi ya Mzee Nassor imejaa ndugu na majirani, halwa imekuja, kahawa imezunguka, Ami Salim kaeleza nasaba yetu yote, mambo yanakwenda vizuri, mara namuona Ami anatia mkono kwenye mfuko wake na kutoa kifurushi cha karatasi ya kaki, hakijafunguliwa, kina stempu za Uingereza.

"Nimekiacha hivi hivi makusudi," akasema, "tukifungue pamoja, muone kijana wetu kafika wapi."

"Ami, si wakati wake."

"Wacha kuona haya, we!" Akachana karatasi, akagawa nakala kulia na kushoto bila hata kutazama.

Kila mmoja akainamia nakala yake. Mwanzo waliinama kwa heshima. Baadaye si kwa heshima.

"Mbona kama Nassor?" akauliza jirani mmoja.

"Nassor hana pembe, yakhe."

"Pembe achana nazo. Itazame chunjua."

Wakamtazama Mzee Nassor, wakalitazama jalada, wakamtazama tena Mzee Nassor. Shemeji yake, Maalim Hamdun, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, akavaa miwani na kutafsiri maelezo ya ndani kwa sauti ile ile ya darasani: "Mwenye Pembe, bwana wa porini, baba wa wanyama wote. Mchoraji ni..." Na hapo likaja jina langu, la baba, la babu na la baba yake babu, pamoja na diploma, kwa sababu Gwen aliniuliza jina langu liandikwe vipi, nami nikampa lote.

Mzee Nassor akanigeukia. "Kijana, huyu mimi?"

Ningeweza kusema samahani. Neno moja tu. Badala yake nikasema, kwa sauti ya kumtuliza, "Hapana, Mzee. Huyu ni mungu."

"Astaghfirullah!" ikatoka kwa majlisi nzima. Ami Salim akaweka kikombe chini.

"Pembe ningezimeza," akasema Mzee Nassor taratibu. "Utani tunaujua. Lakini unakuja kumposa mwanangu, na mimi unanfanya mungu, ndani ya nyumba yangu, na hiyo maghribi inaadhiniwa?"

Nikaanza kueleza (kosa jingine) kwamba wale wana dini yao na sisi tuna yetu, kwamba ni watu wema, kwamba ndevu kama zake kwa mchoraji ni adimu. Kumbe nakala moja ilikwishaingia ndani kwa wanawake pamoja na sinia ya halwa, na nyuma ya mlango tukamsikia mama yake Rayya, kicheko kimemshinda: "Jamani, kampatia! Ndivyo alivyo nikimwamsha!" Simu ikatetemeka mfukoni. Rayya: "Umetumia picha niliyokupa mimi?"

Mzee Nassor akazikusanya nakala mwenyewe, moja moja, hata ile ya ndani, akazikalia. Kisha akasema, "Posa nimeisikia. Jawabu ntakupa siku nitakapousahau uso huu."

Huu mwezi wa saba tokea siku ile. Na mtu ausahau vipi uso wake mwenyewe? Gwen nilimwandikia nikamweleza yote, akaomba radhi kuliko mimi, na picha akaiondoa mtandaoni siku ile ile, ingawa alisema (nakutajieni kwa sababu ni kweli) kwamba hawajapata jalada lililosifiwa vile. Kwa Mzee nimekwenda kuomba radhi mara nne. Mara ya nne hakunitazama, lakini alinipa kahawa.

Juzi Rayya kanambia baba yake kapunguza ndevu, jambo ambalo yeye binti hajaliona tokea azaliwe. Sijui ni dalili njema au mzee anajificha. Mimi nimeapa: makala nitawaandikia, maana kalamu yangu wanaihitaji, lakini uso wa mtu sichori tena mpaka mwenyewe anambie ndiyo kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi wawili, na mzee yeyote akinishikia picha na kuniuliza kama ni yeye, nitasema samahani kabla hajamaliza swali.